Kauli ya Kutendeka

Jumanne na Alhamisi, saa kumi kasorobo,
Lyle hupanda ngazi hadi chumba changu
juu ya duka la misumari, Barabara ya Ngong.
Hubisha hodi, ingawa mlango u wazi.
Miezi saba sasa. Ngeli zimemwingia,
hasemi tena "kiti yangu"
kama nisemavyo mimi nikiwa sokoni
na hakuna mwanafunzi karibu.

Mtu mwema. Julai, baridi ilipouma,
aliniletea hita, akakataa shukrani.

Insha yake ya kwanza: Nairobi Niionavyo.
"Mnatupa taka mtoni.
Polisi wenu wanakula hongo.
Matajiri wenu wamejenga ukuta,
maskini wenu wamejenga juu ya mtaro."
Nilisahihisha herufi mbili.
Yaliyobaki yalikuwa sahihi,
kisarufi na vinginevyo.

Ya pili nikampa: Mji Nilikozaliwa.
Alikaa nayo wiki mbili.
Alipoileta nilimtafuta mtenda kwa kalamu nyekundu,
mstari kwa mstari,
sikumwona.
"Kiwanda kilifungika.
Maji yalichafuka.
Wako wanaolala nje, imetokea hivyo.
Siku moja, shuleni, risasi zilisikika."

Nani alikifunga?
"Kilifungika."
Chenyewe?
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.
Na shuleni, nani alifyatua?

Shingo ikamwiva.
"Mwalimu, nchi yangu ni kubwa.
Huwezi kuielewa kutoka huku, hujafika.
Tena, kama ni mbaya hivyo,
mbona watu wenu wanapanga foleni Gigiri tangu alfajiri
kuililia viza yake?"

Hakukosea hata kiambishi kimoja.
Hasira inafundisha kuliko mimi.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa ulimini:
binamu yangu Momanyi, aogeshaye wazee usiku huko Minesota,
aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono,
akaufunga kwa leso ya mamake
siku tisa,
akiiogopa bili kuliko maumivu.
Nikafungua kinywa

na nikamwona wifi yangu Ndeshukurwa,
Krismasi iliyopita, kutoka Moshi,
anauweka mfupa wa mbuzi pembeni ya sahani,
anasema kwa upole ule wake,
"Ninyi wa Nairobi, mnawabomolea wenzenu usiku,
mvua inanyesha,
kisha asubuhi mnakwenda kanisani."

Mimi, niliyeyalilia yale matingatinga kwenye taarifa ya habari.
Mimi, niliyesema hayo hayo jikoni, na matusi juu.
Niliweka kijiko chini.
"Nyumba zilibomoka," nikasema.
"Zilikuwa karibu mno na mto."
Nikaongeza mambo kuhusu nchi yake
ambayo sitayaandika hapa.
Akasema, haya wifi, nipitishie chumvi.

Kwa hiyo Momanyi nilimmeza.
Chini dukani walikuwa wakikata mabati,
tukangoja makelele yapite.
Nikamimina chai. Lyle hakuigusa.

"Mama alishona viti vya magari pale," akasema,
akiutazama ukuta.
"Miaka ishirini na mbili. Akiwataja waliokifunga
huwataja kwa majina yao ya kwanza,
kama majirani. Walikuwa majirani."
Kisha, "Lakini mimi nikisema ni sawa.
Wewe ukisema, sijui, naskia kama umemtukana yeye."

Najua, nikamwambia.

Alichukua kalamu yangu.
Akaandika Wali-, akakata.
Akaandika Tuli-
akakaa hapo muda mrefu, kistari kikiwa kimening'inia.
"Hii ina alama?"
Haina.
"Naweza kuimalizia nyumbani?"

Saa kumi na moja na robo. Nilisikia viatu vyake
hadi ngazi ya mwisho.
Karatasi aliisahau, au aliiacha.
Nikaigeuza upande mtupu
nikaijaribu yangu: Tuli-

Nje giza lilikuwa linaingia mapema, kama Julai ipendavyo.
Hita yake ilikuwa bado inawaka.
Niliipunguza. Sikuizima.